Saa ya Sista Rispa

Saa hii huning'inia kifuani kichwa chini;
ukiitazama wewe, sita imepanda juu.
Yeye tu aliisoma sawa,
vidole viwili kwenye mkono wa mgonjwa,
midomo ikihesabu bila sauti.

Alianza Pumwani kabla ya uhuru,
akichemsha sindano alfajiri,
akiitwa "wewe msichana" na waliomzidi mshahara tu.
Watoto aliowapokea wana wajukuu sasa, Kaloleni, Eastleigh,
wala hawamjui.
Nani hukumbuka mkono uliomshika kwanza?

Usiku huu kitanda cha sita ni chake,
zamu ni yangu,
saa yake iko kifuani pangu.
Nahesabu nusu dakika, nazidisha kwa mbili.
Jicho moja lafunguka:
"Dakika nzima, mwanangu. Moyo haukisiwi."