Dainamo

Saa saba na robo usiku kiwanda kinatutema.
Wenzangu wanagombea bodaboda, watatu mshikaki;
mimi nafungua mnyororo kwenye bomba la maji,
nafuta umande wa tandiko kwa mkono wa shati.

Kutwa nimekata kadi za harusi:
familia ya fulani inayo furaha kukualika,
mia tano, elfu moja,
vumbi la dhahabu limenibaki kwenye kope
na mashine bado inavuma masikioni.
Napanda. Mzunguko wa kwanza ni mzito,
kama kumwamsha mtoto wa shule.
Wa pili, anakubali.

Njia ya mkato ipo, naijua:
Kawawa moja kwa moja, Kigogo, dakika ishirini niko kitandani.
Siipiti.
Mke wangu Sikudhani anaamini daraja la Kigogo ni bovu tangu masika,
nami sijapata nafasi ya kumsahihisha.

Nabana dainamo kwenye tairi, inakoroma kama paka aliyeshiba.
Taa hii haijui betri wala mgao wa umeme,
inakula miguu yangu.
Nikikazana, lami inang'aa hadi kwenye kibao cha Veta;
nikilegea, inafifia, rangi ya chai ya mkandaa.
Sijawahi kumiliki kitu kinachonijibu upesi namna hii.

Ilala pananukia shayiri iliyochemka.
Karume, taa nyekundu. Inamzuia nani? Hakuna mtu.
Nasimama. Mguu mmoja chini, kiungwana.
Mbwa anavuka taratibu, ananikagua, anapita.
Kijani.

Mchana barabara ni ya wenye honi.
Mchana jina langu ni "We baiskeli!"
na vioo vya magari vinanipapasa kiwiko.
Saa hizi Msimbazi yote ni yangu, ukingo hadi ukingo:
naichora kwa mapana, esi kubwa, na nyingine,
mtu mzima wa miaka hamsini na miwili, babu wa wawili.
Lemburis, mlinzi wa maduka ya vitenge, ananimulika usoni.
"Bado hujafika tu?"
"Bado."
"Haya. Usifike."

Fire. Halafu Jangwani,
na hapa naacha kunyonga.

Mteremko unanichukua. Gurudumu la nyuma linahesabu
tiki tiki tiki tiki
kama karani na noti mpya.
Ubaridi wa bondeni unanipokea ghafla,
unaingia kwa mikono ya shati, unatokea mgongoni,
na jasho la siku nzima linasahau kwamba ni jasho.
Vyura wamefanya kikao cha mchango wa harusi:
kila mmoja anaahidi kwa sauti, hakuna anayetoa.

Pale kwenye matete palikuwa na mlango wetu.
Maji yalibeba godoro, cherehani, picha tuliyopiga studio.
Baiskeli tuliikuta asubuhi imenasa juu ya mlonge,
gurudumu la mbele linazunguka.
Watu husema ulikuwa upepo.
Sawa, ulikuwa upepo.

Sipungui mwendo pale. Wala sifungi macho.
Naiacha tu ikimbie, breki zote mbili wazi,
hadi kilima cha Magomeni kinishike kola
na miguu ianze tena kuilisha taa.

Nyumbani naingiza baiskeli kwa kuinyanyua, isigonge beseni.
Sikudhani hajalala. Anapitisha kiganja mgongoni mwangu,
kwenye shati lililopoa.
"Daraja bado?"
"Bado."
Kimya. Feni inazunguka.
"Unanukia matete," anasema. Halafu, akigeukia ukutani:
"Jumamosi ufunge mto kwenye keria. Nami nikalione hilo daraja."

Nalala nikiwaza
tairi la nyuma linataka upepo.