Maelezo ya Picha Namba Kumi na Nne

Ghorofa ya nne, Galați, dirisha linatazama kiwanda cha chuma.
Jumanne na Alhamisi, saa moja jioni,
nikishamaliza masomo na vyombo vya mama,
nawasha kompyuta, naingia msituni
kwa neno la siri lenye herufi nane.

Cheo changu: mwanagenzi wa mawasiliano, wa kujitolea.
Ujira: haupo. Nauli: haihitajiki.
Mama aliisoma barua mara mbili, akavua miwani.
"Kwa hiyo watakupa nini?"
"Uzoefu."
"Na huo uzoefu unachemshwa au unakaangwa?"

Toader analinda mlima. Uso wake siujui.
Nalijua buti lake la kushoto,
hulisimamisha kando ya kila kisiki
ili tupate kipimo cha hasara.
Picha zake huja usiku, mtandao ukimkuta kileleni,
kumi, ishirini kwa mkupuo,
bila salamu.
Maneno ni kazi yangu.

Nami niliandika. Mungu anisamehe, niliandika:
"Msitu ni mapafu ya dunia."
Ilinca, msimamizi wangu, akafuta.
"Kila kisiki ni chozi la ardhi."
Akafuta, akaacha alama ya mshangao peke yake.
"Smaranda," aliniuliza kwa simu, mtoto akilia nyuma yake,
"umewahi kuukanyaga msitu wowote?"
Nikataja bustani ya kando ya Danubi, ile yenye mabenchi.
Akanyamaza. Kisha akacheka, bila ubaya.

Halafu ikaja namba kumi na nne.
Msonobari, umekatwa usiku uleule,
utomvu bado mbichi, unang'aa kwenye mwanga wa tochi.
Buti la kushoto.
Nikaikuza picha hadi ikajaa kioo,
nikachonga penseli,
nikaanza kuhesabu pete kutoka gomeni kwenda ndani,
yaani kurudi nyuma:
hapa naanza shule,
hapa baba anaenda Italia kuchuma nyanya na harudi,
hapa mama anazaliwa, pete nene, mvua ilikuwa ya kutosha,
na ndani zaidi pete mbili zimebanana,
nyembamba kama uzi uliokataa tundu la sindano.
Nikahesabu upya.
Elfu moja mia tisa arobaini na sita, na mwaka uliofuata.

Bibi Profira alikuwa na miaka tisa ukame ule.
Walimpandisha juu ya paa la garimoshi, yeye na kaka yake,
na gunia tupu, wakatafute mahindi kwa watu wasiowajua.
Akarudi na nusu gunia.
Gunia tu.
Alilisema mara moja maishani, akimenya viazi,
na hakuinua kichwa.

Nikaandika chini ya picha:
"Mwaka huu mti huu ulikula kidogo. Bibi yangu pia.
Wote wawili waliuvuka."

Ilinca alikaa saa nzima bila kujibu.
"Takwimu iko wapi? Ombi la mchango liko wapi?"
Kisha, kabla sijajitetea:
"Acha hivyohivyo. Usiguse."

Watu kumi na wawili walichanga, mmoja lei tano.
Malori hayakuacha kushuka mlimani, nisikudanganye.
Ila usiku wa manane simu iliwaka,
na kwa mara ya kwanza Toader alikuwa na maneno:
"Mimi nimehesabu mia moja arobaini na tatu. Wewe?"

Mia moja arobaini na moja.

Asubuhi nikamwonyesha mama. Akavaa miwani.
"Sogea," akasema, akaketi kwenye meza yetu,
meza ya unga wa mbao ulioshikizwa kwa gundi,
isiyo na pete, isiyokumbuka chochote,
akaweka ukucha juu ya kioo.
Maharage yalianza kuungua jikoni.
Alipofika sabini na kitu ukucha ukasita,
akapoteza hesabu,
akarudi kwenye gome,
akaanza tena, safari hii kwa sauti.