Linta

Baba aliishia kwenye linta.
Mtu yeyote wa Ushirika atakuonyesha,
ukipita mnadani, ukishuka kuelekea mtoni:
"Nyumba ya Mwasomola," atakwambia, ingawa si nyumba,
ni kuta nne za matofali ya kuchoma, na ukungu ndio paa.

Alianza mwaka ule kahawa ilipopanda bei.
Alimwita fundi Kajela kutoka Masoko,
akachinja jogoo, akavua kofia, akasali juu ya msingi
huku mvua ikimpiga utosini.
Mvua ya Tukuyu haingoji mtu aseme amina.
Kisha kahawa ikashuka.
Kisha mguu ukavimba.
Kisha saruji ikagandia ghalani, mifuko saba,
ikawa mawe yenye umbo la mifuko,
na mama akazoea kutua ndoo juu yake.

Mianzi ya jukwaa majirani waliiomba mmoja mmoja,
huyu uzio wa nguruwe, yule kichanja cha vyombo.
Hapo ndipo nilipojua, nikiwa na miaka tisa,
kwamba fundi Kajela harudi.
Nyumba haitelekezwi siku kazi inaposimama.
Hutelekezwa siku wanapofungua kamba za mianzi.

*

Mimi ni Ambilikile. Kwa lugha ya nyumbani: Ameniita.
Mama alinipa jina hilo kabla sijajua kuitika.
Niliitika nina ishirini na miwili, mto Kiwira, mwezi wa sita,
maji ya baridi, meno yakigongana katikati ya "ninaamini",
na waliosimama ukingoni wakadhani nalia.

Miaka kumi na tisa.
Ungedhani sasa nimeshaezekwa.
Alhamisi nilimfokea Tusekile kwa kumwaga maziwa,
kwa sauti niliyoapa kuiacha kule majini,
sauti ya baba, neno kwa neno, siku mguu unapomwuma.
Mtoto akaokota kikombe. Hakulia.
Hilo ndilo lililonichoma.

Usiku nikaenda kwenye kuta za baba,
nikasimama mahali ambapo pangekuwa sebule,
nikasema: Bwana, na mimi umeniachia kwenye linta?

Sikusikia sauti. Migomba ilikuwa inakung'uta maji.
Nikaegemea mparachichi uliojiotea pale ndani.
Nani aliitupa ile kokwa? Hakuna anayekumbuka.
Hakuna aliyeupalilia, wala aliyeufunga kijiti,
na leo shina halikumbatiki;
kila msimu Ushirika nzima inakula sebule ya baba.

Nikafikiri polepole, kama mtu anayehesabu chenji.
Baba hakuacha kwa kutopenda.
Alipenda hata akachora kwa mkaa ukutani
mahali pa kitanda changu.
Aliishiwa, basi.
Sisi huanza kwa moyo, tukaishia kwa mfuko.
Lakini aliyeniita hakunianza kwa bei ya kahawa.
Alijua gharama kabla ya jembe la kwanza kugusa udongo,
akalipa yote mapema,
na risiti ina matundu ya misumari.

Ndipo nikajipapasa gizani, kama mgonjwa,
nikaikuta mianzi ingalipo.
Huku kuchomwa na kikombe kilichookotwa kimya,
huku kukosa usingizi,
huku kutamani kumwomba radhi mtoto wa miaka sita:
ni kamba hizi, zimekazwa,
zinauma pale pale zinaposhikilia.
Hakuna jirani aliyeambiwa aje achukue mwanzi.
Fundi hajafungua jukwaa.

*

Asubuhi nilipiga magoti jikoni, kimo cha Tusekile,
nikamwambia nimekosa.
Akanitazama kama wanavyotazama kamba ya timazi,
jicho moja kalifumba.
"Utarudia?"
"Huenda nikarudia," nikasema. "Lakini sitaachwa hapo."
Akawaza kidogo.
Akanipa parachichi nimkatie.

Nje ukungu ulikuwa unapanda kutoka mtoni,
ukapita juu ya kuta za baba
bila kuuliza bati liko wapi.