Kumngoja Shija

Ghorofani, juu ya duka la kuku wa kukaanga, Swansea,
Ijumaa, saa moja jioni, mvua ya ubavu.
Pauni ishirini mlangoni. Delyth anazitia kwenye kopo la biskuti,
ananihesabia kete za elfu ishirini:
utajiri wa kuazima, hauvuki saa sita usiku.

Dau bado dogo. Hamsini, mia.
Makoti bado yanachuruzika, watu bado wana mzaha.
Nimekaa kama aliyewahi msibani,
hajui alie na nani.

Nainua pembe za karata mbili kwa ukucha.
Nane ya shupaza. Nane ya uru.

Kwetu Kahama hawa wana majina kabla hata hawajalia:
Kulwa, Doto.
Si wazungu wa nne, wanaoingia kwa kishindo
wakitaka nyumba nzima isimame.
Si mbili mbili, za kutupwa bila kuagana.
Ni watu wa kati,
wazuri wa kutosha kukupoteza.

Gethin anapandisha: mia tatu.
Alikuwa mtu wa tanuri, Port Talbot, mpaka tanuri likazimwa.
Sasa anaendesha basi la shule
na hucheza kama anayedai fidia.
Mwaka jana ningemjibu kwa elfu nzima, kifua mbele,
na saa mbili kasorobo ningekuwa kituoni, nimelowa, naomba moto wa sigara.
Leo naweka mia tatu. Basi.
Hilo si dau, ni nauli.
Nyuma yangu bado kuna elfu kumi na tisa na ushei,
nyuma yake pia; nauli ndogo, safari ndefu, ndiyo maana napanda.
Zikibaki elfu mbili usinifuate, hesabu hii imeshakufa.

Maana simchezi Kulwa, simchezi Doto.
Namngoja ajaye nyuma yao,
nane ya tatu,
ambaye kwetu jina lake halichaguliwi:
anayezaliwa baada ya pacha ni Shija.
Ni mimi huyo.
Kwenye orodha Delyth ameandika Sheila.

Mara moja kwa kila nane, hivi, au tisa.
Mama alibahatika zaidi.

Tatu mezani: mzungu wa nne, mzungu wa tatu, mbili ya pau.
Gethin anasukuma mia nne.
Hapa mkono huwasha. Nane zangu zinanitazama
kama ndugu walioshushwa stendi na mizigo yao.
Nazitupa.
Naye, kwa ufidhuli tu, anafunua zake:
sita mbili.

Meza inacheka. Nacheka nayo.
Ningezitupa tena. Nitazitupa tena.
Lakini maji hayapiti kooni.

Kulwa na Doto wenyewe waliuza mpunga, magunia kumi na moja,
nipate nauli ya kuja huku.
Hakuna aliyeuliza nyuma yao kulibaki nini.

Dau limepanda, mia na mia mbili.
Saba mbili. Nerys wa duka la maua anaweka mia tano,
Gethin anafuata, nami nalipa nauli.
Ree ya kopa. Nne. Saba.

Amefika.
Nahesabu vifungo vya koti la Nerys, vidole visije vikasema.
Nerys anagonga meza, Gethin anagonga, nami nagonga.
Karata ya nne, tisa. Wanagonga tena.
Naweka elfu, taratibu, kama mtu asiye na hakika.
Nerys anatupa.
Gethin anatupa, macho dirishani.

Mgeni kafika, nyumba nzima imetoka.
Elfu moja na mia nane, na humo mia tano zilikuwa zangu.

Simu inatetema mfukoni. Doto.
Huko saa tano usiku imepita, anauliza kama nimekula.
Delyth anagawa.
Mbili zimelala kifudifudi mbele yangu.
Naziacha kidogo.