Kidole Kimoja

Mjomba Misigalo huyamwaga mkekani
kama anayemwaga karanga za kubangua:
meusi shingoni, kitakoni kovu dogo
pale pini ilipogonga fataki.
Arobaini na moja. Nahesabu mimi,
maana yeye akifika thelathini
humkumbuka nguruwe pori wa Ipole, na hesabu ikafa.

Kwanza msumari, kung'oa fataki iliyokwisha kusema.
Halafu maji ya moto, ukwaju, chumvi kidogo,
si zaidi ya muda wa kuchemka chai;
ukizidisha, shaba huona haya, ikawa nyekundu.
Mama alisema sufuria ile haitarudi jikoni,
na kweli haijarudi.

Kisha baiskeli. Tunaipindua miguu juu,
tunafunga kopo la rangi kwenye gurudumu la nyuma,
ndani maganda na pumba za mpunga za mashineni,
nami juu ya kigoda nazungusha pedeli kwa mkono,
safari ndefu, Sikonge hadi Sikonge.
Chwa, chwa, chwa.
Jirani anadhani tunapepeta choroko.

Yanatoka na rangi ya asali.
Hapo huanza kazi asiyoiweza mjomba.
Bunduki ilimla sikio la kulia,
la kushoto likabaki la kusikia radi tu.
Naleta ganda mdomoni, napuliza juu ya tundu:
zima hupiga mluzi mwembamba,
lenye ufa hukohoa.
Yeye hutazama vidole vyangu.
Viwili: lirudi kwenye baruti.
Kimoja: mkebe wa fundi wa koroboi.
Hajawahi kubisha.

Leo la thelathini na nane nimelijua kabla ya kulipuliza.
Lina mkwaruzo nilioutia kwa sindano
siku ile Hunijui, mbwa wetu,
alipotoka kwenye tumbaku mate yakining'inia,
asinijue hata mimi niliyempa jina.
Risasi moja.
Mjomba aliokota ganda,
akaniachia nilishike likiwa bado la moto,
akaomba maji ya kunawa.

Nimepuliza.
Limelia safi kuliko yote,
mluzi wa kuitia mbwa.
Huko nje hakuna kilichokuja.
Mjomba anangoja, macho kwenye mkono wangu.

Nimeinua kidole kimoja.