Kijiti Kimoja

Mimi ndiye mgawa vijiti, ghala namba mbili, Masasi.
Gunia likiingia, kijiti kinatoka;
jioni vijiti vinageuka hela.
Kigoda hiki sikukalia kwa uzee.
Nina miaka thelathini na minne.
Mgongo wangu ndio una themanini,
sawa na kilo za gunia la korosho.

Ilikuwa Novemba, malori foleni hadi Mkuti.
Gunia la arobaini na moja nililiinamia
kama mtu anayeokota shilingi,
miguu imenyooka, kiuno kimekunjwa,
nikasikia ndani yangu kitu kidogo,
ganda likipasuka.
Sikuanguka. Ningeanguka ningehurumiwa.
Nilicheka na wenzangu, nikamaliza zamu,
na usiku Asumini akanivua viatu
kama anayemvua mtoto.

Juzi Nandonde, kijana wa Newala, shingo kama kinu,
kajitwika mawili kwa mpigo.
Ghala zima: Tingatinga! Tingatinga!
Hata mama lishe kasahau upawa hewani.
Akayabwaga, akanyoosha mkono.
Nikampa kijiti kimoja.
"Nimeleta mawili, kaka."
"Mgongo uliokuja ni mmoja."

Alinitukana, sitayarudia.
Msimamizi akaja na kalamu sikioni:
mbona kazi imesimama?
Nikamuuliza, lori likivunjika springi,
spea unaifuata Mtwara mjini.
Ya huyu utaifuata duka gani?
Akaitazama kalamu yake. Akaondoka.

Nandonde alipopoa nikamfundisha,
kwa mdomo tu, mwili wangu hautaki maonyesho.
Lisogelee. Gunia si mama mkwe,
usilisalimie kwa mbali.
Tanua nyayo, chuchumaa, kifua mbele,
livute mpaka ligusane na tumbo,
kisha mapaja ndiyo yainuke, mgongo ufuate tu.
Ukitaka kugeuka, geuza nyayo;
kiuno si bawaba ya mlango.
Na likikugomea, ita mtu.
"Watanicheka."
Marehemu hafikii kilo hizi, nikamwambia,
na tunampokezana mtaa mzima.
Nani amewahi kucheka?

Hakujibu. Akazunguka nyuma ya ghala,
akarudi na kitoroli tulichokitelekeza,
gurudumu moja likilia kama mbuzi.
Akaomba mafuta ya maandazi kwa mama lishe,
akalipaka mpaka likanyamaza.

Leo yale ya juu kabisa, yasiyofikiwa na kitoroli,
yeye na Hashimu waliyashusha wawili wawili,
moja, mbili, haya.
Nikawapa kijiti. Wakatazamana.
Nandonde akakivunja katikati.

Basi wengine wakaiga,
na jioni meza yangu ikajaa nusu nusu,
hesabu ikanikalisha mpaka isha.
Sikulalamika.
Nilipomaliza nikatanua nyayo, nikashika magoti,
nikainuka taratibu,
kwa mapaja.