Siku Tano za Nyanzobe

Cheti kilisema mgongo. Siku tano, apumzike.
Supavaiza akafuta jina lake ubaoni
akaandika langu, mara ya pili,
asubuhi na usiku,
chaki ikamkatikia humo humo.

Basi nikachuna sangara wa watu wawili.
Barafu ikanila vidole hadi kucha.
Jumatano kisu kikateleza, kikanionja dole gumba.
Nikafunga plasta, nikavaa glavu juu yake.

Alhamisi, saa ya chai,
Mbuke wa mizani akanionyesha simu:
Nyanzobe kwenye kivuko cha Nansio,
miwani ya jua, kitenge kipya,
mgongo umenyooka kama nguzo ya umeme,
na nyuma yake mawe ya Mwanza,
na kiwanda chetu, kidogo kama kiberiti,
nami nimo.
Mgonjwa haulizwi uji, nikasema.
Wala nauli, akajibu Mbuke. Tukacheka.
Kicheko changu kilikuwa na miba.

Nikaikumbuka homa yangu ya Februari:
nilikuja natetemeka, nikatapika chooni,
nikarudi mezani kwenye minofu.
Nani aliniomba?

Jumatatu karudi. Ananukia jua.
Hakusema pole, hakusema asante.
Aliniwekea chungwa la Ukerewe ndani ya buti langu
nami nikaapa sitaligusa.

Saa nane usiku njaa ikanishinda.
Nililimenya kwa meno, nyuma ya jokofu,
maji yake yakaingia kidondani.

Lilikuwa tamu.
Hilo ndilo sijamsamehe.